Kikaratasi Kilichokunjwa Mara Nne

Tangazo lilibandikwa Jumatano asubuhi, kwenye ukuta wa chumba cha chai cha wafanyakazi, na Mama Andika alilisoma mara tatu kabla ya kuvua koti. Mafunzo ya siku mbili, wiki ijayo, Alhamisi na Ijumaa. Wafanyakazi wote wa maktaba wanaokutana na wasomaji. Namna ya kuwahudumia vyema watu wenye ulemavu. Mpaka hapo hapakuwa na ubaya wowote. Mstari wa mwisho ndio uliomkata maini: "Mafunzo haya yametokana na malalamiko ya msomaji."

Alimjua msomaji huyo. Siku yenyewe aliikumbuka pia, na mvua iliyokuwa ikinyesha.

Lakini kabla ya mvua, tumjue mwenyewe. Mama Andika si jina alilopewa na wazazi wake. Alipachikwa na wanafunzi wa sekondari, watu wasioishiwa majina ya kuwapa wakubwa zao. Alikuwa amekaa kaunta ya kuazimia vitabu miaka kumi na minane, na katika miaka sita ya mwisho, kila aliyemkaribia akafungua mdomo alioneshwa rundo la vikaratasi na kuambiwa neno moja: "Andika." Unataka kitabu? Andika. Umepoteza kadi? Andika. Kuna walioapa kwamba hata njia ya chooni waliiandikia. Vikaratasi vilikuwa vyeupe, ukubwa wa kiganja. Alivikata mwenyewe kila Ijumaa kwa rula na wembe, na kalamu aliifunga kwa uzi ili isitembee.

Wasomaji walidhani ni ukali. Mkuu wa maktaba alidhani ni utaratibu mzuri, akampa cheti cha mtumishi bora, kikatundikwa pale pale nyuma ya kiti chake. Ukweli ulikuwa mwingine. Mama huyu alikuwa hasikii.

Lilianza sikio la kulia, polepole, bila maumivu. La kushoto likafuata. Sokoni angegundulika ndani ya wiki moja. Lakini maktaba ni nyumba ya kunong'ona, na nani atashangaa mtu asiposikia mnong'ono? Alijifunza kusoma midomo bila kufundishwa na mtu. Alijifunza kucheka wenzake wakicheka. Zaidi ya yote alijifunza kutikisa kichwa cha ndiyo, na kwa kichwa hicho alikubali mambo mengi ambayo hakuyasikia. Mwaka juzi alijikuta ameandikishwa kwenye kwaya ya wafanyakazi.

Mbona hakusema? Kwa sababu ya mzee mjalidi. Mzee huyo alikaa chumba cha nyuma, akishona vitabu vilivyochakaa na kuvitia majalada mapya, fundi hasa. Macho yakaanza kumpungua, naye akasema, mtu mkweli. Mkuu akamwambia alete barua ya daktari Jumatatu. Jumatatu akaileta. Mwisho wa mwezi akaagwa kwa keki na soda: amestaafu kwa sababu za kiafya. Mama Andika ndiye aliyeikata keki hiyo, na kisu kikiwa bado mkononi alijiapiza kwamba yeye hatasema ng'o. Alikuwa mjane, na binti yake alikuwa mwaka wa pili chuo cha uuguzi. Na tusidanganyane, aliipenda kaunta ile. Kila asubuhi alipowasha taa za ukumbi na kuona migongo ya vitabu imejipanga inamngoja, alijiona mtu.

Basi, mvua. Ilikuwa miezi miwili kabla ya tangazo. Binti mmoja aliingia amelowa mabega, akaja hadi kaunta, akasema jambo. Lakini hakumtazama Mama Andika. Uso aliuelekeza dirishani, sikio ndilo lililoelekea kaunta, na midomo haikuonekana. Mama Andika akasukuma kikaratasi.

"Andika."

Binti akasema tena.

"Andika, mwanangu. Hapa kila mtu anaandika."

Binti akapapasa juu ya kaunta, akakipata kikaratasi, akakipitisha vidole mbele na nyuma. Akakikunja mara nne, taratibu kabisa, akakitia mfukoni. Alipogeuka kuondoka ndipo Mama Andika alipoiona fimbo nyeupe.

Angeweza kumfuata. Mlango haukuwa mbali. Lakini angemwambia nini, naye binti angejibu nini, na jibu hilo lingesikiwa na nani? Alibaki kitini ameshika kalamu yenye uzi, akiyatazama matone ya maji juu ya kaunta. Baadaye aliyafuta kwa mkono wa sweta. Tangu siku hiyo kila barua iliyoingia ofisini kwa Mkuu ilimpa kijasho chembamba.

* * *

Mafunzo yalifanyika chumba cha watoto, kwa kuwa ndicho kilichokuwa na nafasi. Watu wazima kumi na mmoja walikalia viti vya chekechea, magoti karibu na videvu. Mama Andika aliwahi kiti cha mbele, mkabala na dirisha, ili mwanga uuangukie uso wa mkufunzi. Alikuwa amepanga kila kitu. Atasoma midomo kwa siku mbili, atatikisa kichwa, yatapita.

Mlango ukafunguliwa. Mkuu akaingia, na mkufunzi amemshika kiwiko. Fimbo nyeupe. Mabega yale yale.

Binti wa siku ya mvua ndiye mkufunzi. "Shikamooni wakubwa zangu," alisema mkufunzi, na hilo alilisoma midomoni. Yaliyofuata yalimpita. Mkufunzi huyu alipenda kutembea akisema, fimbo ikigusa miguu ya viti, mara yuko dirishani, mara yuko kwenye rafu ya vitabu vya picha na mgongo amewageuzia. Chumba kikacheka. Mama Andika naye akacheka, ila alichelewa, akajikuta anacheka peke yake wenzake wamenyamaza.

Mengine aliyaelewa kwa kuwa yalioneshwa. Mlinzi wa mlangoni aliitwa mbele amwongoze mkufunzi hadi kwenye meza. Akamkamata mkono akamkokota kama mwizi wa kuku, na hata Mkuu hakuweza kujizuia kucheka. Kisha mkufunzi akaonesha namna inavyofaa: muulize kwanza mtu kama anataka msaada. Akitaka, mpe kiwiko akushike yeye. Usimguse kabla hajakubali. Mama Andika aliyaandika hayo kwenye daftari.

Halafu mkufunzi akatia mkono mfukoni akatoa kitu kidogo cheupe. Kilikuwa kimekunjwa mara nne. Akakikunjua, akakiinua juu wote wakione: kikaratasi ukubwa wa kiganja, hakina hata herufi moja.

Hilo halikuhitaji masikio. Aliyaona macho ya wenzake yakitoka kwenye kikaratasi, yakija kwake, kisha yakikimbilia sakafuni. Mkufunzi aliendelea kusema, na Mama Andika alinasa maneno machache tu, "kusikiliza" na "miaka minne". Yalitosha.

Kwani kulikuwa na kabati. Chini ya kaunta, karibu na goti lake la kulia, lilikuwapo kabati la chuma lenye vitabu vya kusikiliza, sidii mia moja na kumi zilizoletwa kwa ajili ya wasioona. Kanuni ya maktaba ilisema sidii haiazimwi mpaka mtumishi wa kaunta aikague: asikilize mwanzo, asikilize mwisho, atie saini kwenye kasha. Zilipofika, Mama Andika alitia moja kwenye mashine, akavaa visikilizio, akapandisha sauti hadi ikagoma kupanda, akasikia kitu kama nzi ndani ya chupa. Akaitoa, akafunga kabati, na ufunguo akauvaa shingoni chini ya blauzi. Kila aliyeuliza alijibiwa kwamba bado zinakaguliwa. Miaka minne zinakaguliwa! Siku ya mvua yule binti alikuwa amesimama hatua moja kutoka kwenye kile alichokifuata.

Wakati wa chai alijiwa na mpanga vitabu, jamaa mrefu anayerudisha vitabu kwenye rafu na asiyeweza kumaliza saa bila kumtania mtu. Alisimama mbele yake na kikombe.

"Mama Andika, leo umeandikwa wewe."

Akangoja kicheko. Alipokikosa akamtazama vizuri, na utani ukamwisha.

"Dada, unaumwa?"

"Presha tu," alisema Mama Andika, akaficha mikono chini ya meza.

Jioni hiyo binti yake alimkuta jikoni amesimama mbele ya sufuria iliyokwisha kukauka maji. Binti alizima moto, akamgeuza mama yake uso kwa uso, kama walivyokuwa wakizungumza siku zote nyumbani humo.

"Mama, waambie."

"Nikiwaambia wananitoa. Unajua yaliyompata mzee mjalidi."

"Na usipowaambia?"

Binti akageuka, akauelekea ukuta, mabega yakatikisika kidogo. Kisha akamgeukia tena.

"Nimesema nini hapo?"

"Sijui."

"Basi na kesho itakuwa hivyo hivyo." Methali ya sikio la kufa ilikuwa imeshafika kwenye ulimi wa binti, akaimeza. Mama ni mama.

* * *

Siku ya pili kaunta ndiyo iliyokuwa darasa. Maktaba ilifungwa kwa wasomaji hadi saa sita. Mkufunzi angekuja kama msomaji, na kila mtumishi angemhudumia kwa zamu, wengine wakitazama. Mama Andika alipofika alikuta kisanduku cha vikaratasi kimeondolewa na kuwekwa juu ya meza ya magazeti. Kalamu pia haikuwapo. Uzi mtupu ulining'inia.

Mlinzi alipita, na safari hii aliuliza kwanza. Mpanga vitabu alipita, akatia na mzaha kidogo, akasifiwa. Zamu yake ikafika. Alikaa kwenye kiti cha miaka kumi na minane akakiona kigeni. Aliogopa kuliko alivyoogopa siku ya kumzika mumewe, maana siku ile walau alijua kilichotokea.

Mkufunzi akaja. Akasimama. Uso dirishani, sikio kaunta, vile vile kama siku ya mvua. Taya likacheza, kisha likatulia. Anangoja jibu.

Mama Andika akatikisa kichwa cha ndiyo.

Hebu fikiria. Kumtikisia kichwa mtu asiyeona! Mkufunzi aliendelea kungoja, kwani kwake yeye hakuna kilichofanyika. Akauliza tena. Mama Andika akatikisa tena, kwa nguvu zaidi, mpaka hereni zikampiga mashavuni. Nyuma kule mtu mmoja alicheka, kisha akaacha. Kichwa kilichomwokoa miaka sita hakikumfaa kitu hapa. Mkono wake ulikwenda wenyewe kutafuta rundo la vikaratasi, ukakuta mbao tupu.

"Sikusikii," alisema.

Ukumbi mzima ulikaa kimya, ingawa kwake hilo halikuwa na tofauti.

"Mwanangu, mimi sisikii. Si leo tu, ni miaka sita. Nisipoiona midomo ya mtu sijui anasema nini, na wewe unaielekeza dirishani. Naomba ruhusa nikushike bega nikugeuze."

Mkufunzi aliduwaa. Kisha akasogeza bega mbele. Mama Andika alilishika kwa ncha za vidole, akamgeuza polepole mpaka uso ukakaa kwenye mwanga.

"Sasa sema."

"Niliuliza kama ni wewe uliyeniambia niandike."

"Ni mimi."

"Hukuiona fimbo yangu?"

"Niliiona ukishageuka."

"Ukaniacha niende zangu."

"Nikakuacha. Niliogopa, mwanangu."

"Mimi niliondoka na hasira, nikasahau kuhesabu ngazi za pale nje," alisema mkufunzi. "Nilianguka. Fimbo ikanitoka. Nimeitafuta kwa mikono, mvua inaninyeshea, na watu wanapita. Na mimi niliogopa."

Hilo Mama Andika hakulijua. Alilia pale pale, mbele ya Mkuu, mlinzi na mpanga vitabu, chini ya cheti cha mtumishi bora.

"Nisamehe."

"Sijui kama nimekusamehe," alisema mkufunzi. "Nilikuja kuchukua kitabu. Nipe kitabu kwanza."

Mama Andika akavuta kamba shingoni, akatoa ufunguo, akapiga magoti. Kabati liligoma kidogo, likafunguka. Vumbi lilikuwa limelala juu ya makasha yote mia moja na kumi.

"Hazijakaguliwa," alisema akiwa bado chini. "Sikuweza kuzikagua." Akanyanyuka haraka ili asiikose midomo.

"Mimi nina masikio mawili mazima," alisema mkufunzi. "Wewe una macho. Leta ya kwanza, uandike ninachokuambia."

Wakakagua saba kabla ya saa sita. Mkufunzi alisikiliza mwanzo, akasikiliza mwisho, akamgeukia, akasema ni nzima au ina mikwaruzo, na Mama Andika akatia saini. Alikuwa ametia saini ya saba alipoinua kichwa akamwona Mkuu amesimama mlangoni mwa ukumbi, akisema jambo huku anaondoka. Mgongo tu ndio aliouona. Wenzake wote walimtazama yeye.

"Amesemaje?" aliuliza. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka sita kuuliza swali hilo.

Mpanga vitabu alijitoa katika kundi. Akaenda kwenye meza ya magazeti, akachukua kikaratasi kimoja kisandukuni, akaandika, akamletea. Hakutania. Kilisema: "Jumatatu ofisini kwake. Uje na barua ya daktari."

Maneno yale yale aliyoambiwa mzee mjalidi. Alikisoma kwa sauti, kwa kuwa mkufunzi alikuwa anauliza kimeandikwa nini.

* * *

Jumamosi binti yake alimpeleka hospitali. Walimfungia kwenye kichumba kidogo chenye kioo, wakamvika visikilizio, wakamwambia abonyeze kitufe kila akisikia mlio. Hata humo alitaka kudanganya: alikodolea macho kidole cha mpimaji upande wa pili wa kioo, kikisogea naye anabonyeza. Mpimaji alitabasamu, akageuza kiti. Barua iliyotoka ilikuwa na mistari minne, na hakuna mstari uliompa nafuu. Jumapili hakula. Alizikunja sare zake mbili za kazi, akazikunjua, akazipiga pasi, akazikunja tena.

Jumatatu Mkuu alimpokea barua bila kumwambia akae. Aliisoma ameinamia meza. Pembeni mwa mkono wake palikuwa na karatasi nyingine yenye mhuri, na chini yake nafasi ya saini. Mama Andika aliitambua. Alikuwa ameiona ya mzee mjalidi, siku ya keki.

Mkuu akaanza kusema, bado ameinama. Alisema na meza. Alisema kwa muda, akageuza ukurasa, akasema tena. Kisha taya likatulia, na kalamu ikabaki hewani juu ya ile karatasi yenye mhuri. Anangoja.

Shingo ya Mama Andika ilikuwa imeshaanza kushuka. Mazoea yana taabu. Kichwa kilishuka nusu ya ndiyo, na hapo akakumbuka mtu aliyesimama mbele ya kaunta akingoja jibu ambalo halikuja. Akakisimamisha.

"Mkuu, sikusikia. Ukisema na meza mimi sipati kitu. Nitazame, tafadhali."

Mkuu akainua kichwa. Akavua miwani, akamtazama usoni, na akasema pole pole, midomo ikionekana yote.

"Nimekuuliza kama unataka kustaafu kwa sababu za kiafya. Ukitaka, nitasaini hapa sasa hivi. Usipotaka, itabidi tukae na yule mkufunzi tuipange kaunta upya. Mzee mjalidi nilimwuliza hivi hivi, akakubali. Sikumfukuza mimi. Nakuuliza na wewe. Unataka?"

Mama Andika aliitazama kalamu, bado iko hewani. Nusu ya ndiyo alikuwa ameshaitoa. Ilibaki nusu.

"Hapana," alisema.

Asiyejisikia hajui kipimo cha sauti yake. Neno lile lilitoka ofisini, likapita korido, likaingia ukumbi mkubwa, na wasomaji wakainua vichwa kutoka kwenye vitabu vyao. Mpanga vitabu anaapa mpaka leo kwamba kuna mtu mmoja, huko kwenye meza ya magazeti, alisema "Shhh!"

Hakumsikia. Akalirudia.